Utando Ulindao Betri

Mwanamke anunuapo chungu kipya katika soko la Tengeru hakitii mchuzi siku hiyo hiyo. Chungu kipya cha udongo kina matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho, na maji yakitiwa ndani hupenya polepole, hata chini yake pakawa na unyevu. Basi mwenye akili hupika kwanza uji mwepesi ndani yake, akauacha uchemke kwa kitambo. Unga huingia katika matundu yale na kuyaziba, ukashika ukuta wa chungu kama utando. Uji ule haunywewi, hutupwa. Lakini sasa chungu kimekuwa chungu, na kitapika miaka mingi. Mtu asiyejua desturi hii aweza kusema ya kuwa mama yule ameharibu unga. Sivyo. Ametoa unga kidogo ili asipoteze mchuzi mwingi.

Somo letu la leo lahusu chombo kingine ambacho nacho hupika uji wake wa kwanza na kuupoteza. Chombo hicho ni betri ya lithiamu, ile iliyo ndani ya simu ya mkononi, na ndani ya taa za sola ziwakazo usiku katika nyumba nyingi za mitelemko ya mlima Meru. Mjini Arusha ndiko ilikoanzia kampuni ya Off Grid Electric, ambayo mwaka 2018 ilibadili jina ikaitwa Zola Electric. Kampuni hiyo ilifunga paneli na betri katika nyumba za watu wasiofikiwa na waya za umeme, nao wakalipa kidogo kidogo kwa simu. Wengi wenu mmesoma kitabu kwa mwanga wa namna hiyo. Walakini ni wachache walioambiwa kwa nini taa moja hudumu miaka mitano, na ya jirani, iliyonunuliwa siku ile ile kwa bei ile ile, baada ya mwaka mmoja huzimika saa mbili za usiku, mtoto akiwa bado hajamaliza hesabu zake.

Kwanza na tuitazame betri yenyewe. Msiipasue; nitawaeleza kwa maneno, na sababu ya kuwakataza mtaiona mbele. Ndani yake mna karatasi mbili za madini, zimekunjwa pamoja kama mkeka. Kila moja imepakwa unga wa namna yake, nazo huitwa elektrodi. Katikati yao pana ngozi nyembamba ya plastiki yenye matundu, ili zisigusane, na pote pamelowana maji maji yaitwayo elektroliti. Elektrodi moja ina chumvi za madini kama chuma au kobalti. Ya pili, ambayo ndiyo hasa ya somo letu, imepakwa kinywe.

Kinywe ni jiwe jeusi, laini, lichafualo mikono. Ndicho kilichomo katika penseli zenu. Wala si kitu cha mbali. Wachimbao tanzanaiti huko Mirerani, kusini-mashariki ya mji wa Arusha, hutoka shimoni weusi kama waliolala katika makaa, maana kito hicho, kilichogunduliwa mwaka 1967, hukaa ndani ya miamba yenye kinywe. Watu hushindania jiwe la buluu, na lile vumbi jeusi huoshwa likaenda zake na maji. Katika miaka ya 1990 kinywe chenyewe kilichimbwa mahali hapo kikauzwa. Na huko Mahenge, katika mkoa wa Morogoro, kimo kingi sana ardhini.

Ukikitazama kinywe kwa vyombo vya wataalamu, utaona ya kuwa kimepangwa kurasa juu ya kurasa kama kitabu. Kati ya kurasa hizo pana nafasi, na lithiamu, ambayo ni nyepesi kuliko madini mengine yote ya namna ya chuma, yaweza kuingia na kutoka humo bila kuzirarua. Jua lipigapo paneli, umeme husukuma elektroni zipite katika waya mpaka kwenye kinywe. Papo hapo chembe za lithiamu, ambazo zimekwisha kuacha elektroni zao na sasa huitwa ioni, huogelea katika elektroliti zikaenda kukaa kati ya kurasa zile. Usiku ukiwasha taa, ioni hurudi zilikotoka, na elektroni hurudi kwa njia ya waya, zikipita katika taa na kuiwasha. Huo ndio mwendo wote wa betri: kwenda mchana, kurudi usiku.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu. Kinywe kilichojaa lithiamu kina nguvu kubwa mno ya kutoa elektroni, hata kila kikigusacho hupewa, kitake kisitake. Elektroliti yakigusa, basi hupewa elektroni isizoweza kuzichukua, na hapo huvunjika vipande vipande. Kama jambo hilo lingaliendelea bila kikomo, elektroliti yote ingaliliwa, na betri ingalikufa katika siku zake za kwanza. Lakini vile vipande havipotei vyote. Huganda juu ya kinywe, hushikana na lithiamu, vikafanya utando. Na utando huo una tabia ya ajabu: ioni za lithiamu huziacha zipite, elektroni huzizuia. Mmeona boma la miiba. Kifaranga hupenya chini yake, bali fisi hapiti. Kwa kuwa elektroni hazipiti tena, elektroliti iliyo upande wa pili haivunjiki tena. Uharibifu umejifungia mlango wenyewe.

Utando huu ni mwembamba kupita fikira. Mkiweka tando 1,000 za namna hiyo moja juu ya nyingine, unene wao wote utakuwa kama unywele mmoja wa mtu. Nao haukupatikana bure. Lithiamu iliyotumiwa kuujenga hairudi tena kazini. Pengine ni sehemu 10 katika kila 100 zilizotiwa kiwandani, pengine pungufu. Huo ndio uji wa kwanza wa chungu. Wenye viwanda wajua hivyo, nao huichaji kila betri mara ya kwanza polepole sana, kwa saa nyingi, ili utando ushike sawasawa kabla betri haijatoka mlangoni. Kwa hiyo msiwasikilize wale wauzao simu wasemao, “Ichaji saa nane kwanza bila kuiwasha, ndipo itazoea.” Desturi hiyo ilitokana na betri za zamani za nikeli. Betri ya lithiamu imekwisha kuzoezwa kiwandani.

Watu walichukua miaka mingi kuufahamu utando huu. Mwaka 1979 Emanuel Peled, mtaalamu wa Tel Aviv, aliueleza na kuupa jina katika lugha ya wataalamu. Mwaka 1980 Rachid Yazami, Mwafrika aliyezaliwa katika mji wa Fes nchini Moroko, akifanya kazi Grenoble katika nchi ya Ufaransa, alionyesha ya kuwa lithiamu yaweza kuingia katika kinywe na kutoka tena kwa nguvu ya umeme. Yeye hakutumia elektroliti ya maji maji, bali ngumu, kwa kuwa ile ya maji maji iliyokuwa ikitumiwa sana siku zile, yaani propileni kaboneti, ilikuwa ikiingia kati ya kurasa za kinywe pamoja na lithiamu na kuzirarua zote. Kwa sababu hiyo, hata betri za kwanza zilizouzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991 hazikuwa na kinywe. Walitia kaa la namna nyingine.

Mlango ulifunguliwa na kitu kidogo. Kuna maji maji mengine, ndugu ya yale ya kwanza, yaitwayo ethileni kaboneti. Haya mawili yamezidiana kwa atomu 3 tu: moja ya kaboni na mbili za hidrojeni. Ukiyaona hutayapambanua kwa kazi. Lakini moja hurarua kinywe, na la pili hukijengea utando mzuri. Habari hii ilielezwa vema mwaka 1990 na Fong, von Sacken na Dahn katika nchi ya Kanada. Ethileni kaboneti ina ila moja, nayo ni kwamba huyeyuka katika joto la digrii 36 hivi, hata asubuhi ya Arusha ingekaa imeganda kama samli. Kwa hiyo huchanganywa na maji maji mengine mepesi. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya kemia walipewa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Yazami hakuwamo, nami niliona huzuni kidogo. Walakini mwaka 2014 alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Draper ya wahandisi wa Marekani kwa kazi hiyo hiyo.

Mtu asidhani ya kuwa kila utando ni mlinzi. Sufuria ya alumini ina utando wake, uliozaliwa mara ile madini yalipoguswa na hewa, nao washika sana, hata ukiukwaruza huota tena. Chuma nacho hufanya utando, ndio kutu, lakini kutu humenyuka na kuanguka, ikaacha chuma kipya wazi kiliwe tena, mpaka jembe zima limekwisha. Na betri za gari, zile nzito zenye risasi, zikiachwa siku nyingi bila chaji hufunikwa na kitu cheupe kigumu ambacho huzuia umeme. Kwa hiyo swali si kwamba pana utando au hapana. Swali ni kwamba washika au haushiki, na wamruhusu nani apite.

Tena kuna jambo liwahusulo watu wa Meru kuliko wengine. Katika mtelemko wa mlima huu, mathalan pande za Maji ya Chai na Ngarenanyuki, maji mengi yana madini ya floridi kupita kiasi, yatokayo katika mawe ya volkano. Kiasi kikubuliwacho ni miligramu 1.5 katika lita moja. Ndiyo sababu wengi waliolelewa huku wana meno ya rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao imepindika. Huko Ngurdoto kiko kituo cha kutafuta njia za kuondoa floridi majini, hasa kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Na katika chuo cha Nelson Mandela huko Tengeru wataalamu wanashughulika na jambo hilo hilo. Basi chumvi iliyomo katika elektroliti nayo ina florini, na sehemu moja ya utando wetu ni floridi ya lithiamu, iliyo ngumu na yenye kudumu. Kitu kile kile kikiwa kidogo hukaza jino, kikizidi huliharibu. Na katika betri hukaa ukutani kikilinda.

Sasa turudi kwenye zile taa mbili za majirani. Kila mara betri ijaapo, kinywe huvimba kidogo, kadiri ya sehemu 10 katika 100, na taa iwakapo hunywea tena. Utando hupata nyufa kama ukuta wa udongo wakati wa kiangazi. Nyufa hizo huzibwa, lakini udongo wa kuzibia ni lithiamu ile ile iliyopaswa kufanya kazi. Hivyo betri huzeeka hata katika mikono ya mtu mwangalifu. Walakini joto huharakisha uzee huo sana. Betri ikikaa katika joto lipitalo digrii 45, sehemu za utando huyeyuka, mpya hujengwa, nazo huyeyuka tena, na utando wazidi kuwa mnene mpaka ioni zenyewe zapita kwa taabu. Joto likifika digrii 80 au 90 jambo hugeuka kuwa la hatari: utando huvunjika, na katika kuvunjika hutoa joto lake wenyewe, kinywe kilicho uchi hula elektroliti, joto huzidi, na mwisho wake waweza kuwa moto usiozimika kwa ndoo moja ya maji.

Na sisi twaziweka wapi taa zetu? Juu ya bati. Kila aliyewahi kupanda juu ya nyumba saa sita mchana kutoa maembe yaliyoanikwa, au kuondoa mpira wa watoto, ajua ya kuwa bati la mchana huunguza kiganja. Paneli yataka jua, ni kweli; lakini betri haitaki. Kama betri na paneli vimeungwa kwa waya, paneli na ikae juu, betri ikae ndani ukutani, mahali pa kivuli penye hewa. Kama taa ni ile ndogo yenye paneli mgongoni, iwekwe juu ya ubao, si juu ya bati, tena iondolewe mara ijaapo. Betri iliyojaa kabisa na kuachwa katika joto ndiyo iteswayo kuliko zote, kwa kuwa wakati huo kinywe kina lithiamu nyingi, na nguvu yake ya kuvunja elektroliti ni kubwa. Kwa sababu hiyo simu isiyotumika kwa miezi mingi huhifadhiwa ikiwa nusu, wala si kamili, wala si tupu.

Baridi nayo ina habari yake. Wapagazi na waongozaji wa wageni wapandao Meru hulala usiku wa mwisho katika kibanda cha Saddle, kwenye kimo cha mita 3,500 na kuzidi, kisha huondoka usiku wa manane kwenda kileleni. Huko juu simu huzimika ghafula, ingawa ilikuwa nusu. Haikufa. Ioni zapita polepole katika utando uliopoa, kama watu wavukao daraja lenye utelezi, na simu ikipashwa moto kifuani hufufuka. Lakini kuichaji ikiwa katika baridi ya kugandisha maji ni kosa. Ioni husukumwa zifike mlangoni pa kinywe kwa wingi kuliko ziwezavyo kuingia, kama watu mlangoni pa kanisa siku ya Krismasi, nazo zinazokosa nafasi hugeuka madini ya lithiamu hapo hapo juu ya utando. Madini hayo huota kama miiba, na mwiba mmoja ukitoboa ile ngozi ya plastiki, elektrodi mbili zagusana. Kwa hiyo mpagazi mwenye busara huilaza simu ndani ya blanketi kwanza, ndipo aiunge na chaji.

Yabaki betri iliyovimba. Mmeiona: mgongo wa simu umeinuka, au kifuniko cha taa hakifungi. Kilichovimba ni hewa iliyotoka katika elektroliti iliyovunjika, maana yake utando umeshindwa kazi. Mafundi wengine huitoboa kwa sindano hewa itoke, kisha humrudishia mwenyewe na kumtoza fedha. Msikubali hata mara moja. Hewa ya nje ina unyevu, na chumvi ile yenye florini ikikutana na unyevu hutoa asidi ichomayo ngozi na mapafu. Tena sindano yaweza kuunganisha elektrodi mbili, moto ukawaka mkononi. Betri ya namna hiyo isitiwe motoni, wala chooni, wala katika shimo la taka wachezapo watoto. Itiwe katika debe lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba, kisha ipelekwe kwa aliyeiuza au kwa mtu akusanyaye betri kuukuu.

Kazi ya kufanya. Mwombeni mwalimu vipimajoto viwili. Siku ya jua, saa sita mchana, kimoja kifungwe juu ya bati la shule na mtu mzima, cha pili kitundikwe ukutani ndani ya darasa. Baada ya nusu saa andikeni digrii za kila kimoja. Fanyeni hivyo siku sita, mkiandika pia kama mlima ulikuwa wazi au umefunikwa na mawingu. Kisha hesabuni ni siku ngapi kipimajoto cha juu kilipita digrii 45, na cha ndani siku ngapi, na mkaulize nyumbani taa ya kwenu huwekwa wapi.